Kipimo kinachosema "damu haikuganda": tunachunguzaje hatari ya mabonge ndani ya viungo bandia?

Mchunguzi wa Damu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nafanya kazi katika maabara inayopima namna damu inavyopatana au kutopatana na vifaa vinavyowekwa mwilini au kuunganishwa na mwili: vali za moyo, pampu za moyo, mapafu bandia na mashine za kusafisha damu. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya sentensi moja ninayokutana nayo mara kwa mara katika ripoti, isemayo kwamba kifaa fulani kilizungushiwa damu kwa saa kadhaa na damu haikuganda. Asiye wa fani hii huipokea kama habari njema, na hata baadhi yetu tuliomo ndani huipokea hivyo. Kwangu mimi sentensi hiyo haina uzito wowote mpaka nielezwe jambo la pili: katika jaribio lile lile, damu ile ile iliganda mahali ilipopaswa kuganda?

Nianze na chanzo cha tatizo. Mishipa yetu imetandikwa utando hai ambao muda wote huzuia kuganda, kwa kutoa kemikali zinazotuliza chembe sahani (vichembe vidogo vya damu vinavyoshikamana kuziba jeraha) na kwa kuzima vimeng'enya vya kugandisha kabla havijakusanyika. Plastiki, titani na kaboni havina uwezo huo. Damu inapogusa uso wa kigeni, wa kwanza kufika hapo si chembe bali ni protini za plazma, yaani majimaji ya damu, nazo hufika ndani ya sekunde chache. Albumini hutangulia kwa kuwa ni nyingi, kisha hung'olewa na faibrinojeni, nayo faibrinojeni hung'olewa na protini nyingine zinazoushika uso kwa nguvu zaidi. Kupokezana huko kunabeba jina la Leo Vroman, aliyekuchunguza. Kwa hiyo chembe sahani haikutani kamwe na plastiki yenyewe, bali na zulia la protini lililokwisha kutandikwa. Ndiyo maana kupima sifa za plastiki ikiwa kavu, jinsi inavyokataa maji au ilivyo laini, husema machache sana kuhusu kitakachotokea ndani ya mtu.

Gharama ya kukosea hapa inajulikana. William Schroeder aliwekewa moyo bandia wa Jarvik-7 mwezi Novemba 1984, na kabla wiki tatu hazijatimia akapata kiharusi cha kwanza. Aliishi siku 620, na viharusi vingine vilimfuata katika siku hizo. Moyo ule ulisukuma damu vizuri, lakini kusukuma damu ni nusu tu ya kazi.

Chombo cha kawaida kabisa cha kazi yetu ni pete. Chandler aliieleza mwaka 1958: kipande cha mpira, yaani bomba laini la plastiki, hujazwa damu kiasi, ncha zake huunganishwa ziwe duara, kisha duara hilo huzungushwa polepole ndani ya maji yenye nyuzijoto 37. Damu hubaki chini kwa uzito wake huku mpira ukipita, hivyo ni kana kwamba inatiririka bila pampu yoyote. Pete hutumia mililita chache, na damu ya mchangiaji mmoja hutosha kuzungusha pete nyingi kwa pamoja. Kasoro yake nayo si siri: hewa iliyobaki juu hugusana na damu, na mpaka huo wa hewa na damu huharibu protini na kuchokoza chembe sahani hata kama mpira hauna kosa.

Sasa tufike kwenye heparini, dawa inayozuia damu kuganda, kwa maana hapo ndipo ukweli wa jaribio hukaa au hupotea. Damu isiyo na dawa yoyote itaganda ndani ya pete ya plastiki nzuri na ndani ya pete ya plastiki mbaya, na hutajua tofauti. Ukiitia heparini ya kiwango cha upasuaji wa moyo, haitaganda hata ukitumbukiza kioo, kinachogandisha damu upesi, ndani yake, na hapo pia hutajua tofauti. Kinachofaa ni cha katikati, mara nyingi karibu na uniti moja kwa mililita au chini yake, na hiyo katikati husogea kutoka kwa mchangiaji mmoja hadi mwingine.

Nitasimulia kisa kimoja. Kwa siku mbili mfululizo tulizungusha pete za mpira uliopakwa utando mpya, na zote zikatoka safi: ukuta unang'aa, idadi ya chembe sahani imeshuka kidogo tu, hakuna hata uzi mmoja wa faibrini, protini ya nyuzi inayofunga bonge. Tulishaanza kupongezana. Kisha mwenzangu akafungua pete ya kulinganishia, ile ya plastiki isiyopakwa kitu, ambayo huwekwa makusudi kwa kuwa tunajua inagandisha. Nayo ilikuwa safi vilevile. Tuliporudi kwenye daftari tuligundua kwamba heparini ilizimuliwa mara moja badala ya mara mbili, na damu yote ilibeba dawa mara kumi ya tuliyokusudia. Utando wetu haukuwa umefanya lolote.

Tulirudia kwa kiwango sahihi. Pete ya kulinganishia ilijaa bonge refu jekundu lililotoka zima kama funza. Pete yenye utando ilikuwa safi ukutani kote, isipokuwa pale ncha mbili za mpira zilipokutana, ambapo palikuwa na bonge lisilozidi kichwa cha kiberiti. Lilikuwa na kichwa cheupe kilichong'ang'ania ngazi ndogo ya kiungio, isiyofika hata nusu milimita, na mkia mwekundu ulioelea kufuata mtiririko. Kichwa hicho ni chembe sahani zilizoshikamana, na mkia ni faibrini iliyonasa chembe nyekundu pale damu ilipopunguza mwendo nyuma ya ngazi. Bonge lile lilinifundisha kuliko siku mbili za pete safi, kwa sababu lilionyesha kwamba utando unafanya kazi na kwamba umbo la kifaa linaweza kuushinda.

Karibuni kwa maswali na kwa kunikosoa.

Mwanafunzi wa Tiba

Asante sana kwa uzi huu, mkuu. Naomba kuuliza jambo ambalo huenda ni la msingi mno. Hospitalini tunavyo vipimo vya muda wa kuganda ambavyo hutumika kila siku kwa wagonjwa. Kwa nini visitumike hivyo hivyo: tukaweka kipande cha kifaa ndani ya plazma, tukahesabu sekunde, tukapata jibu?

Mchunguzi wa Damu

Swali lako si la msingi mno, na kipimo hicho kipo na hutumika kuchuja malighafi mwanzoni. Hatari ni kukifanya kuwa hukumu ya mwisho. Kumbuka habari ya John Hageman, mfanyakazi wa reli nchini Marekani, ambaye damu yake ilichelewa mno kuganda ndani ya kioo ingawa hakuwa na historia ya kutokwa damu. Oscar Ratnoff na mwenzake walieleza hali yake mwaka 1955, na kwa njia hiyo tukaijua protini ya kumi na mbili ya kugandisha, inayoitwa pia kwa jina la mgonjwa huyo. Hageman alifariki mwaka 1968 kwa bonge lililoziba mshipa wa pafu baada ya kuvunjika nyonga. Mtu ambaye damu yake haikutaka kuganda kwenye kioo aliuawa na damu iliyoganda.

Sisemi kwamba protini hiyo haina kazi, kwa kuwa kwenye uso wa plastiki ndiyo hasa huwasha mnyororo mzima. Nasema kwamba plazma iliyotulia ndani ya bomba haina chembe sahani, haina chembe nyekundu na haina mtiririko. Mafundisho yanayohusishwa na Rudolf Virchow, aliyeandika kuhusu mabonge mwaka 1856, hutaja mambo matatu yanayosababisha bonge: uso, mwendo wa damu, na hali ya damu yenyewe. Kipimo cha bomba kinaliona la kwanza kwa jicho moja, na la pili hakilioni kabisa.

Ndiyo maana baada ya kuzungusha damu tunapima mambo kadhaa kwa pamoja. Tunahesabu chembe sahani kabla na baada, kwa maana zilizopungua zimebaki ukutani au zimeshikamana. Tunapima muungano wa thrombini, kimeng'enya kinachotengeneza faibrini, na kizuizi chake antithrombini ndani ya plazma, ambao ni alama kwamba thrombini ilitengenezwa hata kama hakuna bonge la kuonekana kwa macho. Tunaangalia kama chembe sahani zimetoa juu ya ngozi yake ile protini ya P-selektini ambayo hukaa ndani zinapokuwa zimetulia. Mwisho tunakata kipande cha kifaa, tunakihifadhi kwa glutaraldehidi, kemikali ya kuhifadhia sampuli, na kukitazama chini ya darubini ya elektroni. Chembe sahani iliyotulia huonekana kama kijiwe cha mviringo, inayoanza kuamka hutoa mikono myembamba, na iliyoamka kabisa hulala bapa kama yai lililopasuliwa juu ya sahani. Ukiziona zimelala bapa kwa mamia, usiulize tena kuhusu sekunde.

Muuguzi wa Zamu

Habari zenu wote. Mimi niko upande wa pili, kando ya kitanda, ninakohudumia wagonjwa waliounganishwa na pafu bandia. Nataka kuongeza kile tunachokiona sisi.

Kila zamu tunachukua tochi na kumulika pafu hilo pande zote, na mabonge huonekana kama vivuli vyeusi, karibu kila mara kwenye pembe ambako damu huzunguka polepole kabla ya kuelekea kwenye nyuzi zinazopitisha hewa. Nyuzi hizo ni nyembamba, chini ya nusu milimita, na zimepangwa kwa maelfu, hivyo bonge la ndani kabisa hatulioni. Hilo tunalijua kwa shinikizo: tofauti ya shinikizo kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea ikianza kupanda huku mtiririko haujabadilishwa, tunajua njia zinazibika. Heparini ya mgonjwa nasi huielekeza katikati, kwa kawaida kati ya 0.3 na 0.7 ya uniti kwa mililita, kwa kuwa ikizidi anavuja damu na ikipungua kifaa kinaziba.

Swali langu ni hili: kifaa ninachokibadilisha baada ya siku kumi kwa kuziba kilipita maabara kwa saa ngapi?

Mchunguzi wa Damu

Dada, swali lako linachoma, na jibu la kweli ni kwamba kilipita kwa saa chache. Damu iliyotolewa mwilini huanza kuchakaa tangu inapotoka. Sisi hujitahidi kuanza jaribio ndani ya saa chache za mwanzo, kwa sababu baada ya hapo chembe sahani huwa zimeamka zenyewe au zimechoka, na chochote utakachokiona kitakuwa ni habari za uzee wa damu badala ya habari za kifaa. Hata namna ya kutoa damu ina uzito: sindano iwe pana, mkono usifungwe kwa muda mrefu, mililita za mwanzo zitupwe kwa kuwa zina majimaji ya jeraha, na mchangiaji awe hajameza aspirini kwa takriban siku 10, kwani aspirini huizima chembe sahani kwa maisha yake yote.

Kwa hiyo pete zetu na mizunguko yetu huona mwanzo wa bonge tu. Ukuaji wa siku ya tano au ya kumi, pale mwili wa mgonjwa unapoongeza faibrinojeni kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, hatuuoni. Huo ni upungufu wa kweli, nao unapaswa kuandikwa ndani ya ripoti kwa maneno hayo hayo. Tochi yako, naomba uamini, ni sehemu ya upimaji huu.

Mhandisi wa Mtiririko

Naomba kuingia hapa, maana mjadala umegusa kazi yangu. Mchunguzi ametaja ngazi ya nusu milimita kama jambo la kushangaza. Kwetu sisi umbo ndilo suala lenyewe.

Damu ndani ya kiungo bandia inakabiliwa na hatari mbili zilizo kinyume. Mahali inapodumaa, vimeng'enya vya kugandisha hukusanyika bila kuoshwa. Mahali inapokimbia mno, tabaka moja la damu huteleza juu ya jingine kwa nguvu kubwa, na mkwaruzo huo huziamsha chembe sahani hata bila kugusa ukuta. Ipo protini ndefu, ile ya von Willebrand, ambayo hukaa ndani ya plazma ikiwa imejikunja kama uzi uliovurugika. Kasi ya mkwaruzo ikikaribia 5,000 kwa sekunde, uzi huo hukunjuka na kuwa kamba ya kunasia chembe sahani, na katika nafasi nyembamba za pampu kasi hiyo hupitwa mbali. Kibaya zaidi, kamba iliyokunjuka hukatwakatwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya damu, na ndiyo maana mgonjwa yule yule mwenye pampu anaweza kuwa katika hatari ya bonge na ya kuvuja damu kwa wakati mmoja.

Sisi hutengeneza mfano wa kifaa kwa plastiki angavu, tukazungusha kimiminika chenye unato wa damu na kinachopindisha mwanga sawasawa na plastiki hiyo, ili kuta zisionekane kabisa, kisha tukapiga picha za vumbi linaloelea ndani yake kwa mwanga wa leza. Hapo unaona kwa macho yako kona ambayo vumbi linazunguka bila kutoka. Nina hakika kwamba siku si nyingi uigaji wa kompyuta utatuondolea sehemu kubwa ya kumwaga damu.

Mchunguzi wa Damu

Mhandisi, ya kwanza yote naafiki, ila kuhusu kompyuta naomba twende taratibu. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliwahi kutoa umbo moja sahili, bomba linalobanwa na kutanuka ghafla, na makundi 28 yakaiga mtiririko wake kwa kompyuta bila kuonyeshwa vipimo vya maabara. Majibu yalitofautiana sana, hasa pale mkondo unapotoka kwenye mbano na kuanza kuvurugika, mahali ambapo ndipo damu huumia. Hapo hakuna hata chembe sahani moja iliyowekwa ndani ya hesabu; ni mwendo wa kimiminika tu.

Hata hivyo nakuunga mkono kwa mfano wa upande wako. Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na vali ya moyo ya kaboni yenye mabawa mawili iliyopita vipimo vya maabara na vya wanyama, lakini ilipofika kwa wagonjwa wa majaribio barani Ulaya ikaziba kwa mabonge. Watafiti walipotengeneza bawaba zake kwa plastiki angavu na kupima mwendo wa damu ndani ya kishimo cha bawaba, walikuta pembe ambamo damu huzunguka na kudumaa. Malighafi ya vali ile ilikuwa ya aina ambayo vali nyingine huitumia bila shida. Kosa lilikuwa ndani ya kishimo cha milimita chache, na hakuna kipimo cha malighafi ambacho kingeliona.

Msomaji Makini

Nimefuatilia kwa makini. Kama maabara ina mipaka hiyo yote, si afadhali kutegemea wanyama? Kifaa kikikaa ndani ya ndama miezi miwili bila bonge, kuna haja gani ya pete?

Mchunguzi wa Damu

Mnyama hutupa kile ambacho pete haiwezi kutupa, yaani muda na mwili ulio hai. Pampu ya moyo huwekwa ndani ya ndama au kondoo kwa wiki kadhaa, na mwisho hatutazami pampu peke yake, tunafungua pia figo. Figo hupokea sehemu kubwa ya damu inayotoka moyoni, kwa hiyo mabonge madogo yanayong'oka kwenye pampu hukwama humo na kuacha makovu meupe yenye umbo la pembetatu, kilele kikielekea ndani. Nimeona pampu iliyotoka safi kabisa na figo zenye makovu matano. Pampu ilikuwa safi kwa sababu mabonge yalikwishaondoka.

Lakini damu ya ndama si ya mtu. Chembe zake nyekundu ni ndogo kuliko zetu, na za kondoo ni ndogo zaidi. Chembe sahani za kondoo hazitanuki juu ya plastiki kwa bidii kama zetu. Mnyama aliyepona hajaahidi lolote kwa binadamu. Zaidi ya hayo, sioni haki kumchinja ndama ili agundue kosa ambalo pete ya mililita chache ingeligundua wiki ile ile.

Tazama pia lililotokea kwa pampu ya HeartMate II. Ilikuwa imekwisha kuidhinishwa na kutumika kwa maelfu ya wagonjwa, lakini mwaka 2014 hospitali tatu za Marekani ziliripoti kwamba pampu zilizoziba ndani ya miezi mitatu ya kuwekwa zilipanda kutoka asilimia 2.2 hadi asilimia 8.4 katika kipindi cha takriban miaka miwili. Dalili iliyotangulia ilikuwa kupanda kwa kimeng'enya kinachomwagika chembe nyekundu zinapopasuka, kwa sababu bonge linapobana njia, damu inayopenya husagika. Pampu iliyofuata, ambayo sehemu yake inayozunguka huelea kwa sumaku bila beringi za kugusana, iliachiwa nafasi pana za damu kupita, na mwendo wake hubadilishwa kila baada ya sekunde mbili ili kuosha kona. Katika jaribio la wagonjwa 1,028, baada ya miaka miwili, walioziba pampu walikuwa chini ya 2 kati ya 100, dhidi ya takriban 14 kati ya 100 kwa pampu ya zamani.

Jambo linalonisumbua ni kwamba kipimo cha maabara cha pampu kilichowekewa utaratibu ulio wazi zaidi, kile cha kuzungusha lita 5 kwa dakika dhidi ya shinikizo la milimita 100 za zebaki kwa saa 6, kinapima kupasuka kwa chembe nyekundu tu. Kuhusu bonge, kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-4, ambacho toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2017, hueleza makundi ya vipimo vya kuchagua, lakini hakikupi namba ya kufaulu au kushindwa.

Mwanafunzi wa Tiba

Basi mkuu, nikipewa ripoti ya namna hiyo kesho, nianzie kusoma wapi?

Mchunguzi wa Damu

Ruka muhtasari. Tafuta ukurasa wenye kiwango cha heparini, saa damu ilipotolewa na saa jaribio lilipoanza, na idadi ya wachangiaji, kwa maana damu ya mtu mmoja si ushahidi. Kisha tafuta picha ya kifaa cha kulinganishia, kile kilichotakiwa kugandisha. Kama kina bonge, rudi mwanzo usome ripoti yote kwa utulivu, hasa picha za viungio na kona. Kama kiko safi, au kama picha yake haimo, waandikie waliokutumia na uwaombe warudie jaribio.

Sisi pete ile ya siku mbili hatukuitupa. Imo ndani ya chupa ya glutaraldehidi juu ya rafu, na kila mtu mpya anayeanza kazi hupewa kwanza hiyo aishike mkononi, kisha ile yenye bonge la kichwa cha kiberiti.